Mgomba Tuliouzika Mbugani

Kama gazeti la wiki jana lilikufikia likiwa tayari limefungiwa maandazi, usihuzunike. Nitakukumbusha haraka haraka, maana leo nina mengi, na mkono wangu wa kulia bado haushiki kalamu vizuri. Kilichoupata mkono huo utakisoma humu humu.

Naitwa Isidori, mkazi wa Nsemulwa hapa Mpanda. Nimewahi kuwa golikipa wa Radi Sports Club, jezi namba moja, misimu sita. Nilipostaafu nikawafundisha makipa wadogo. Klabu hiyo hiyo niliyoilindia lango ndiyo iliyokuja kutaka kutunyang'anya Mbugani.

Mbugani ni eneo letu la wazi. Kuna kisima, kuna majani ya mbuzi, kina mama wanaanika mihogo, na mvua zikianza wanaokota uyoga chini ya miti. Bwana Lyamba, mwenyekiti wa Radi, alitaka kuzungusha ukuta, aweke nyasi za plastiki, jukwaa, na baa ya kutazamia mpira. Tulipinga kwa barua, hakusoma. Tukapinga kwa mawe, akaleta trekta na mabaunsa, miti saba ikalala chini siku moja na mzee mmoja akavunjwa mguu.

Hapo ndipo akili yangu mbaya ilipozaa kaburi.

Kaka yangu Telesphor alipotelea ziwani, upande wa Kapalamsenga, miaka mitatu iliyopita. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Kwetu mtu akimezwa na maji na mwili usipatikane, unazikwa mgomba kwa niaba yake, msiba uishe, watu warudi mashambani. Lakini mgomba unazikwa kwa uwazi, kila mtu akijua kwamba ni mgomba.

Mimi sikuuzika kwa uwazi. Niliwatangazia watu kwamba mwili umepatikana, umeharibika, na jeneza lisifunguliwe. Fundi Martin akachonga jeneza. Yustina, mke wa kaka, akauvika mgomba sanda. Katekista akaongoza sala, na kwenye amina sauti yangu ilikuwa juu kuliko za wote, Mungu anisamehe. Tukazika katikati ya Mbugani, pale pale Radi walipochora duara la katikati ya uwanja wao.

Ujenzi ukasimama. Majirani sitini na tatu wakaapa mahakamani kwamba walimwona Isidori akimzika kaka yake. Waliapa kwa moyo safi, maskini. Waliojua ukweli tulikuwa watatu tu: mimi, Yustina na Martin.

Wiki jana nilikuacha pale wakili wa Radi aliposimama mbele ya hakimu na kusema kaburi lile ni la uongo, lifukuliwe. Hakimu akakubali. Siku ikapangwa, Jumanne saa nne asubuhi.

Jumanne hiyo nilimkuta Yustina jikoni anakoroga uji.

Nikuambie na hili, kwa sababu nimeahidi kutoficha. Baada ya yale mazishi, mimi na Yustina tuliishi ua mmoja mwezi mmoja, na mwezi wa pili tukawa tunaishi chumba kimoja. Kaka yangu alikuwa na mkono mwepesi. Kovu lililo juu ya jicho la Yustina ni kazi yake, na vidole viwili visivyokunjika ni kazi yake pia. Yustina hakuwahi kumlilia. Alisema ziwa lililomchukua libaki naye. Mbele za watu aliniita shemeji, ndani aliniita Isidori.

"Sikupata hata lepe la usingizi," nilimwambia.

"Nilikusikia."

"Leo wanafukua, Yustina. Wakikuta mgomba nimekwisha. Nimeapa mbele ya hakimu. Ni jela ile, na Mbugani ndo imekwenda."

"Hawatakuta mgomba."

"Unajuaje?"

"Miezi mitatu chini ya udongo, na mvua hizi? Umeshaoza."

"Na mifupa wakiiulizia?"

Akakung'uta mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Kunywa uji, Isidori."

Sikunywa. Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye kigoda. Nilikuwa nimemfundisha majibu kwa siku nne, na nilitaka tuyapitie tena mara ya mwisho.

"Afande akikuuliza marehemu ni nani wako?"

"Mume wangu wa ndoa, Telesphor."

"Alifia wapi?"

"Ziwani, Kapalamsenga."

"Nani alimzika?"

"Shemeji yangu Isidori. Alimlaza na kumfukia kwa mikono yake mwenyewe, mimi nimesimama pembeni naona."

"Usiseme haraka haraka. Na uninyooshee kidole, waone kwamba una uhakika."

Akaninyooshea kidole. "Hivi?"

"Hivyo hivyo."

Nikampenda sana wakati ule. Niliona nimepata mwanamke wa kusimama naye kwenye shida. Nikatoka kwenda kumtafuta Martin, kwa sababu na yeye alitakiwa kutoa maelezo yake.

Karakana ya Martin ilikuwa na kufuli. Mama anayeuza chapati hapo mbele akaniambia fundi hayupo siku ya nne hii, amekwenda Mwese kufuata mbao. Nikapiga simu, haipatikani. Nikamtukana Martin peke yangu barabarani. Mtu anakwenda kufuata mbao wiki ambayo wenzake wanafukuliwa kaburi!

Nilipofika Mbugani, watu walikuwa wamejaa pande mbili.

Upande wa kisima walikaa watu wetu. Kina mama kama arobaini walikuwa wameketi chini wamelizunguka kaburi, na kila mmoja ana mchi wa kutwangia mapajani. Mbele yao alikuwa Imakulata, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye sauti inayosikika mpaka sokoni.

Mimi na Imakulata hatukuwa tunasalimiana. Wiki mbili kabla, blanketi letu la kijani lenye picha ya simba lilipotea kwenye kamba. Yustina alisema limeibwa. Nami kwa hasira zangu nikaenda kisimani nikamwita Imakulata mwizi, mbele ya watu wote na ndoo zao. Alitaka kunipasua kwa ndoo, wakamshika.

"Shikamoo, dada Imakulata," nilisema kwa upole.

"Usiniamkie. Sijaja kwa ajili yako, nimekuja kwa ajili ya Mbugani. Blanketi lako katafute kwingine." Kisha akashusha sauti. "Lakini kaburi la kaka yako halifukuliwi leo mimi nikiwa hai. Mmelitunza vizuri, hilo nawasifu."

Kweli lilitunzwa. Mwanzoni mwa mwezi Yustina alikuja na jembe, akalima kulizunguka, akapanda maua. Martin akasimika msalaba mpya wa mninga badala ya ule wa kwanza uliokuwa umeanza kulala upande. Siku hiyo niliwasifu wote wawili mbele ya majirani. Nilisema hawa ndio watu wanaojua kulinda jambo letu.

Upande wa barabara ilisimama Radi. Vijana zaidi ya thelathini walikuwa wamevaa jezi za njano, na chini njumu. Aliyetangulia alikuwa Evarist, nahodha, niliyemfundisha kudaka tangu hajaota ndevu. Baadaye aliona golini hakuna sifa, akahamia kwenye ushambuliaji. Nyuma yao Bwana Lyamba aliegemea gari lake, anakula karanga.

Katikati kulikuwa na gari mbili za polisi. Inspekta alikuwa mama mmoja mrefu, mtaratibu, ameshika karatasi ya mahakama. Pembeni yake walikuwepo daktari aliyevaa buti za mpira na vibarua wawili wenye sepetu.

"Mama zangu," inspekta alisema, "hii ni amri ya mahakama. Naombeni mpishe."

"Nyie mna amri ya karatasi," Imakulata akajibu, "na sisi tuna maiti. Nani mkubwa?"

Watu wakacheka. Hata askari mmoja alicheka. Nilidhani labda tutaongea, muda utakwenda, jua litakuwa kali, waahirishe. Nilikuwa naomba kimoyomoyo mvua inyeshe.

Lyamba ndiye aliyeharibu. Alitupa maganda ya karanga chini akapaza sauti.

"Maiti gani? Hapo pamezikwa takataka! Evarist, ng'oa huo msalaba nione kama kuna mtu atatoka chini kulalamika!"

"Bwana Lyamba, nyamaza!" inspekta akamkemea, lakini alichelewa.

Evarist alikimbia. Kijana yule ana mbio, nilimjua. Aliruka safu ya kina mama wawili, akadaka msalaba kwa mikono miwili, akauvuta. Ukatoka na udongo wake. Mchi wa kwanza ukampata begani.

Ndugu msomaji, nimecheza mpira miaka mingi, nimeona vurugu za viwanjani, lakini siku ile niliona damu ya watu ninaowajua kwa majina.

Vijana wa Radi waliingia wote kwa pamoja. Walikuwa wameficha mabomba ya chuma ndani ya soksi ndefu. Bomba la kwanza lilimshukia mwanamke mmoja muuza mchicha kwenye mkono, nikausikia mfupa ukilia. Imakulata akamgeukia yule kijana, akampiga mchi wa taya. Yule kijana alikaa chini taratibu, akatema meno mawili kwenye kiganja, akabaki anayatazama.

Wanaume wetu wakatoka nyuma ya kisima na mawe na mapanga. Kioo cha gari la Lyamba kikavunjika. Lyamba akaingia chini ya gari lake mwenyewe, karanga zote zikamwagika. Kipa wa sasa wa Radi alikatwa panga la paja, akawa anapiga kelele anamwita mama yake, na mama yake alikuwa upande wetu. Nilimwona yule mama akiangusha mchi, akamrukia mwanawe kumfunika kwa mwili wake, na mabomba yakamshukia yeye.

Mimi nilimwendea Evarist. Nilimrukia kiunoni tukaanguka wote juu ya maua ya Yustina. Nikampiga ngumi ya pua, moja, mbili. Damu yake ikaniingia mdomoni.

"Mshenzi wewe! Nimekufundisha kushika mpira, unashika msalaba wa marehemu?"

"Kocha, niache! Niache nimesema!"

Sikumwacha. Nilishika jiwe. Nasema ukweli, nililinyanyua ili nimuue. Sikufikiria polisi, sikufikiria mtoto wake mchanga. Nilifikiria kitu kimoja, kwamba msalaba ukitoka na watu wakichimba, uongo wangu utaonekana na mimi nitaoza jela. Kwa ajili ya mgomba nilikuwa tayari kutoa roho ya kijana niliyemnunulia glovu za kwanza.

Mtu akanipiga bomba la mgongo. Jiwe likanitoka. Evarist akajinasua, akasimama, nami nikawa chini nimetanua mkono kutafuta jiwe lile.

Akanitazama. Pua ilikuwa imelala upande.

"Samahani, kocha," alisema.

Akaukanyaga mkono wangu kwa njumu. Akakanyaga tena. Mara ya tatu akaruka kwa miguu yote miwili. Vidole vitatu vilivunjika, na kimoja mpaka leo kinaelekea kisikotakiwa. Mkono ule ndio uliookoa penalti mbili fainali ya mkoa.

Risasi za hewani zilipigwa hapo. Halafu mabomu ya machozi.

Moshi ulipoisha, Mbugani palikuwa pamejaa watu wamelala, wengine wanatapika, wengine wanatambaa kwenda kisimani kunawa macho. Njano na kanga zimechanganyikana. Gari la wagonjwa lilibeba watu tisa kwa safari mbili. Kipa na mama yake walipakiwa pamoja, mama akiwa hajafumbua macho. Nilisikia baadaye kwamba hakuyafumbua tena.

Mwanamke huyo alikufa kwa ajili ya kaburi langu tupu. Alikuwa mmoja wa wale sitini na tatu.

Inspekta alikuwa akitokwa na machozi ya moshi, lakini sauti yake haikutetemeka. Aliweka askari wenye bunduki kuzunguka kaburi.

"Atakayevuka anapigwa ya mguu," alisema. "Chimbeni."

Nilikuwa nimekaa chini nimeupakata mkono. Yustina alikuja, sijui alitokea wapi, akafungua kitambaa cha kichwani akanifunga vidole. Alifunga vizuri, kwa utulivu, fundo kwa fundo.

"Shemeji, pole," alisema, kwa kuwa watu walikuwepo.

"Kimbia," nikamnong'oneza. "Nenda stendi, panda gari lolote. Mimi nitabeba peke yangu."

"Nikimbie nini?"

"Yustina, wanachimba!"

"Waache wachimbe. Umesahau majibu?"

Vibarua walikuwa wamefika magotini. Mmoja akasimama, akaufinyanga udongo mkononi.

"Mlaini huu, afande. Kama umechimbwa juzi."

"Mvua," nilipayuka kutoka nilipokaa. "Mvua za mwezi huu zote."

Inspekta akanitazama. Kisha akawaambia waendelee.

Sepetu ikagonga mbao. Nikaanza kupanga maneno ya kuungama: nitasema ni mila, nitasema ni uchungu wa kumkosa kaka, nitapiga magoti mbele ya majirani wote na kuwaomba radhi, hasa watoto wa yule mama. Lyamba alikuwa ametoka chini ya gari, suruali imejaa vumbi, anatabasamu. Alinikonyeza.

Kibarua akapitisha ncha ya sepetu chini ya kifuniko.

"Misumari minne tu," alisema.

Maneno yake yalinishangaza. Martin hufunga jeneza kwa misumari kumi na miwili, ndiyo alama yake, na ile kumi na miwili niliihesabu nikiwa nimeshika nyundo ya akiba. Lakini kabla sijaifuata hiyo fikra, kifuniko kilinyanyuka.

Harufu ilitoka pale ikawarudisha nyuma hata askari.

Haikuwa harufu ya mgomba.

Daktari alivaa glovu, akaziba pua na mdomo, akashuka. Alifunua kidogo. Akafunua tena. Halafu akasema neno moja.

"Mwanamume."

Msomaji wangu, cheka ukitaka. Moyo wangu ulishangilia. Kabla akili haijafika, moyo ulikuwa tayari unaruka. Mtu! Kuna mtu! Sitafungwa! Nilimwona Mungu mwenyewe akishuka Mbugani kugeuza mgomba kuwa maiti kwa ajili yangu mimi mwongo. Nililia machozi ya kweli.

"Ana alama yoyote?" inspekta aliuliza.

"Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho hakipo. Kilikatika zamani, pamepona."

Umati ukalipuka. Kila mtu Nsemulwa aliujua mkono ule. Kamba ya nanga ilikikata kidole cha Telesphor akiwa kijana, na alipenda kuwatishia watoto nacho.

"Ni yeye! Ni Telesphor! Tuliwaambia!" Watu walikumbatiana na damu zao. Kina mama waliobaki wakapiga vigelegele, kisha wakakumbuka ni msiba, wakageuza kuwa kilio. Lyamba alikaa kwenye ngazi ya gari lake. Evarist alivua jezi akajifuta pua nayo, kisha akaitupa chini.

Mbugani ilikuwa imepona. Kaburi ni kaburi. Hakuna ukuta, hakuna baa.

Na mimi nilikuwa nimesimama, mkono umevimba, nawaza jambo moja polepole. Telesphor alizama ziwani miaka mitatu iliyopita. Katika jeneza lile niliweka mgomba kwa mikono yangu.

"Tulieni!" Daktari alikuwa bado shimoni. "Afande, hapa pana tatizo. Walisema huyu bwana alizikwa lini?"

"Miezi mitatu imepita. Na alikufa majini zamani kabla ya hapo."

"Hapana. Huyu hakufa majini. Kisogo kimepasuliwa na kitu kizito. Na hana miezi mitatu." Akainua uso. "Ana wiki mbili. Tukimwongezea sana, siku chache juu yake."

Vilio vikapungua, kimoja kimoja, mpaka nikasikia kamba ya kisima ikigonga ndoo.

Alirudi. Kaka yangu alikuwa hai miaka yote ile, na alirudi Nsemulwa, na kuna mtu alimfungulia mlango. Mtu huyo alijua kwamba Mbugani kuna kaburi lenye jina la Telesphor na ndani yake hamna Telesphor. Watu waliojua hilo tulikuwa watatu.

Sikutaka kumgeukia Yustina.

"Amefungwa kwenye nini?" inspekta aliuliza.

"Blanketi." Daktari akavuta pembe moja hadi kwenye mwanga. Lilikuwa na matope na limeshikana, lakini rangi ilionekana, kijani, na kichwa cha simba amefungua mdomo.

Imakulata alikuwa ameketi karibu kabisa, kanga yake imelowa damu ya kichwa. Aliponyanyuka nilijua anachokwenda kusema. Nilitaka kumziba mdomo. Mkono wa kumzibia sikuwa nao.

"Hilo si blanketi lako, Isidori?" Sauti yake ilijaa Mbugani yote. "Si ndo lile uliloniitia mwizi kisimani? Watu wote mko hapa, mlisikia! Mwanamume mzima unanitukana mbele za watu, kumbe ulikuwa nalo! Kumbe ulimfungia kaka yako!"

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anasafisha jina lake. Alisema yote mpaka mwisho, ndipo akayasikia mwenyewe aliyoyasema, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Inspekta alifungua jalada lake. Nilijua kilichomo. Kulikuwa na karatasi sitini na tatu zilizosainiwa na watu walionipenda, na zote zilisema kitu kimoja kuhusu mikono yangu.

"Afande," nilianza, "nisikilize. Mimi nilizika mgomba. Nakuapia kwa Mungu, nilizika mgomba!"

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa hofu. Askari wawili wakanisogelea, mmoja kila upande.

"Uliapa mahakamani kwamba ulimzika kaka yako," inspekta alisema.

"Niliapa uongo! Muulizeni mke wake! Anajua, yeye ndiye aliyeuvika sanda! Yustina, waambie! Sahau niliyokufundisha, waambie ukweli!"

Nikamgeukia sasa. Watu walimpisha njia. Alikuja taratibu mpaka ukingoni mwa kaburi. Hakutazama chini. Kovu juu ya jicho lake liling'aa kwa jasho, na kichwa kilikuwa wazi kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kimefunga vidole vyangu.

"Mama," inspekta alimuuliza kwa upole, "huyu aliyelala humu ni nani wako?"

"Mume wangu wa ndoa, Telesphor."

"Nani alimzika?"

Hakujibu haraka haraka. Alisubiri hadi kila mtu akanyamaza, kisha akaninyooshea kidole, vizuri kabisa, kama nilivyomwelekeza asubuhi jikoni.